Maili za Mjomba na Uzi wa Kanze

Mheshimiwa Chifu Kavumbi, Mwalimu Mkuu Bwana Musau, uliyetutolea uwanja wa shule yako na viti vyako vyote kumi na vinne, Maalim wetu na Bwana Katekista, mliokaa benchi moja leo bila ya kusukumana, ndugu wageni waalikwa mliotoka Msambweni, Mkongani na hata Gazi, wazee wenzangu, dada yangu Mbeyu, mwenye leso mpya, akina mama wa kayamba, vijana mlioparamia ukuta wa shule, na wewe Bwana Menza, uliye ndani ya lori lako na kiganja tayari juu ya honi: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wale wasiokuwa wa huku wala wa huku, hamjambo?

Kwa wasionijua, mimi ninaitwa Chengo wa Kalama, mjomba wake Kanze, ndugu wa mama yake wa tumbo moja. Kwa wanaonijua, ndio, ndiye yule yule, Chengo Ndege. Jina hilo nimelivaa miaka kumi sasa na halijachanika.

Tumekutana hapa Kikoneni kumuaga Kanze. Yeye na wenzake saba wa kayamba wamechaguliwa katika wilaya nzima kwenda London kwenye tamasha la ngoma. Lori la Menza litampeleka Likoni, gari la moshi litampeleka Nairobi, na kutoka Nairobi, mabibi na mabwana, atapanda ndege. Maili elfu nne na mia mbili na zaidi. Saa kumi na nne pamoja na vituo, maana itatua Khartoum na itatua Roma kunywa mafuta. Hesabu hizo si zangu, ni za Mwalimu Musau, kwa hiyo msiwe na wasiwasi nazo.

Na juu ya meza hii mnaona kibuyu na kata. Ninyi mmekuja kwa ajili ya maji yaliyomo humo, hamkuja kwa ajili ya hotuba. Nimeyaona macho yenu, yanatoka kwenye kibuyu yanakuja kwangu, yanarudi kwenye kibuyu. Subirini.

Wageni msioijua mila yetu ninawaeleza. Kwetu sisi Waduruma, mtoto wa dada haendi safari ndefu mpaka mjomba wake ampulizie maji. Mjomba hutia maji kinywani, akampulizia kifuani na viganjani, na hapo njia imefunguka. Sisi huita kuhatsa. Lakini lipo sharti. Mjomba akiwa na kinyongo, akiwa na neno limemkwama hapa kooni, maji yale hupita juu ya neno lile yakalibeba, na mtoto husafiri nalo. Kwa hiyo neno hutolewa kwanza, hadharani, watu wote wasikie, ndipo maji yafuate. Mjomba afichaye neno kisha akapuliza maji, huyo amemloga mtoto kwa mikono yake miwili.

Sasa ninauliza mbele yenu: je, mimi Chengo ninalo neno? Ninalo. Limekaa hapa kwa majuma matatu, na mizizi yake ina miaka. Neno lenyewe ni wivu.

Msigune. Mheshimiwa Chifu, waambie wasigune, kazi yenyewe ndiyo hii.

Ninamwonea wivu mtoto wa dada yangu. Ninamwonea wivu asubuhi nikipiga mswaki na jioni nikifunga mbuzi. Na ili mjue uzito wake, lazima niwakumbushe nilichokuwa nacho.

Mwaka wa hamsini na tano, Bwana Mifugo wa wakati ule, Mzungu mmoja mrefu mwenye magoti mekundu, alikuwa na mabeberu sita wa kupeleka kwenye maonyesho Nairobi. Kwa gari la moshi hakutaka, kwa sababu mwaka wa nyuma yake walifika wamekonda. Akapata nafasi kwenye ndege ya mizigo pale uwanja wa Port Reitz, Mombasa. Akatupanga wachungaji kumi na wawili mstari mmoja, akauliza nani atakaa na mabeberu ndani ya ndege. Kumi na mmoja wakatazama vidole vya miguu yao. Mimi nikatazama juu.

Basi mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka Kikoneni, na kutoka kote huku mpaka mwisho wa macho yenu, kupita juu ya mawingu. Na niliporudi niliwaeleza. Niliwaambia ni maili elfu moja na mia nne, mchana kutwa na usiku kucha. Niliwaambia tulipita karibu na Kilimanjaro, nikauona utosi wake kama ninavyouona huu wa Mzee Shutu hapa, ila ule wa mlima una cha kuufunika. Niliwaambia rubani aliniita mbele akaniuliza, "Chengo, unaonaje, tushike kulia au kushoto?" nami nikamwambia, "Shika kulia, kushoto kuna mvua."

Mlinisadiki. Na ni nani hapa asiyefaidi? Mtu alipotaka kwenda Mombasa tu alipita kwangu kwanza, watu wamevuka kivuko cha Likoni kwa ushauri wangu! Harusini niliwekewa kiti chenye mgongo. Hata matangani, watu walipochoka kulia, mmoja alikuwa akisema polepole, "Chengo, hebu tueleze yale mawingu." Mimi shule niliishia darasa la pili, ardhi yangu ni ya mawe, na mbuzi wangu mnawajua. Nilichokuwa nacho mimi, ambacho hata Chifu hakuwa nacho, samahani Mheshimiwa, ni kile kitu kimoja.

Kisha akaja Kanze na uzi.

Ilikuwa siku ya wazazi, mwaka wa hamsini na saba, naye yuko darasa la sita, mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mwalimu Musau alikuwa amewafundisha kupima masafa kwenye ramani. Unanyoosha uzi kutoka mji huu hadi ule, kisha unaulaza kwenye kipimo kilichochorwa chini ya ramani, unasoma maili. Watoto wakapima Kisumu, wakapima Lamu, wazazi wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Kanze. Akasema, "Mimi nitapima safari ya mjomba wangu." Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nikafunga kifungo cha shati.

Akanyoosha uzi. Akaulaza. Akageuka, mbele ya wazazi wote wa Kikoneni, akasema, "Mjomba, uzi umekomea hapa. Ni maili mia mbili na sabini na tatu."

Nikamwambia, "Mwanangu, ramani hiyo ni ya watu waendao kwa miguu. Ramani haina juu. Ndege kwanza hupanda."

Akafikiri. Alikuwa anafikiri kweli, hakuwa na ubaya. Akasema, "Hupanda maili elfu moja, mjomba?"

Mwalimu Musau, wewe ulicheka. Uligeukia ubaoni ukajifanya unafuta, na ubao haukuwa na kitu. Mzee Shutu alicheka mpaka akaletewa maji. Na tangu siku ile, nikianza tu kusema mawingu, hakosi mtu wa kuniuliza, "Ya uzi au ya kwako?" Jina la Ndege mliniachia, lakini mkawa mnaliita huku mkitazamana.

Nikalimeza hilo. Mtoto ni mtoto, nikasema, ataolewa, atasahau ramani. Hakusahau ramani, akajifunza na kayamba juu yake, na mkono wake kwenye kayamba mnaujua. Akilitikisa, hata mbuzi wangu huacha kutafuna. Uhuru ulipokuja alikuwa anaitwa kila uwanja. Na mwaka huu, wa pili tangu uhuru, ukatoka mwito wa Kwale.

Hili wengi wenu hamlijui. Na mimi nilikwenda Kwale siku ya kuchaguliwa. Nilivaa koti. Nilijipanga mstari nyuma ya wapiga marimba. Nikafika mbele ya kijana mmoja wa serikali yetu mpya, mwenye kalamu mbili mfukoni.

Akaniuliza, "Mzee, wewe unapiga kayamba?"

"Hapana."

"Marimba?"

"Hapana."

"Unaimba?"

"Ninaitikia."

"Sasa mzee wangu, unataka nini?"

Nikamwambia, "Mimi ni mzoefu wa ndege. Watoto hawa hawakujui huko juu. Wanahitaji kiongozi."

"Ulipanda ndege gani, mzee?"

"Ya mabeberu."

Akainama akawa anaandika. Nikafurahi, nikasema ninaandikwa. Nilipochungulia, alikuwa anachora mbuzi.

Nikarudi Kikoneni kwa miguu kutoka njia panda, na nilipoingia tu nikasikia vigelegele, nikadhani ni harusi. Ilikuwa ni habari ya Kanze.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Si maili peke yake. Mwalimu Musau amenieleza kwamba London saa zao ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Maana yake Kanze akishuka kule atarudishiwa saa tatu za maisha yake, bure, kama mtu aliyenunua sukari akarudishiwa na mfuko. Mimi nilipotua Nairobi saa ilikuwa ile ile! Na yeye atapewa chakula ndani ya ndege, chenye kifuniko. Mimi chakula changu kililiwa na abiria wenzangu.

Basi nilifanya nini? Niliyazuia maji.

Mbeyu, mama yake, alikuja kwangu mara ya kwanza, nikamwambia nina jino, mdomo haushiki maji. Akaja mara ya pili, nikamwambia tungoje mvua ya vuli itulie. Akaja mara ya tatu, hakuketi. Alisimama mlangoni, akasema, "Chengo, jino limepita, mvua imepita. Leo sema ni mguu unaouma."

Nikasema, "Dada, mambo haya yana wakati wake."

Akasema, "Wenzake wamekwisha kupigwa picha za pasi. Yeye amekataa kukanyaga ngazi ya ndege bila ya maji yako. Ukitaka abaki, tamka abaki, tumjue mwenye kumzuia."

Nikajishughulisha na fundo la kikoi changu. Mbeyu akanitazama, akafunga leso yake upya, akaenda zake. Dada yangu huyu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, na siku ile alinitazama kama anayetazama mlango wa mtu baki. Kwa sababu alikwisha kujua. Nilitaka Kanze abaki. Niseme tena, isijekuwa walio nyuma hawakusikia? Nilitaka mtoto wa dada yangu abaki hapa Kikoneni, atikise kayamba lake uwanjani kwetu, azeeke, ili niwe mimi peke yangu.

Bwana Menza, honi hiyo nimeisikia. Gari la moshi halitakwenda bila yenu, na likienda, nitalisimamisha kama nilivyolisimamisha lile la Mariakani. Haya, hilo la Mariakani nalo liacheni.

Jumapili iliyopita, Mwalimu akiwa kanisani, niliingia darasani mwake. Mwalimu, mlango haukuwa na kufuli, nami sikugusa chaki. Ile ramani kubwa ya dunia ilikuwa ukutani. Nikachomoa uzi mmoja kwenye kikoi changu hiki. Nilisema moyoni, mtoto alinipima, na mimi nitampima.

Nikapima yangu kwanza, Mombasa hadi Nairobi. Uzi ulikuwa upana wa ukucha wa gumba langu. Nikapima yake, Nairobi hadi London. Ilikuwa shibiri yangu nzima, kutoka gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Nikauvuta uzi ukakaza, ilikuwa shibiri. Nikatafuta njia ya mkato juu ya mchanga wa Sudani, ilikuwa shibiri. Nikahesabu kucha ngapi ziko katika shibiri, nikapata kumi na tano na nusu. Kumi na tano na nusu! Hata ningeongeza chumvi yote ya Gazi juu ya safari yangu, isingefika.

Ninageuka, Kanze yuko mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Unapima?"

"Ninaondoa buibui."

Hakucheka. Aliingia akakaa kwenye dawati, magoti yameshikana, kama siku zile. Nikaona kwamba naye alikuja kuitazama ramani ile ile. Akasema, "Mjomba, wewe masikio yaliuma?"

Nikamwambia, "Masikio gani?"

Akasema, "Kila mtu amenipa salamu za kupeleka. Wengine wamenipa na mihogo. Hakuna hata mmoja aliyenieleza, ndege ikiacha ardhi mtu hushika nini. Wewe ndiwe pekee uliyekwenda. Wewe ulishika nini?"

Jamani. Miaka kumi nimeeleza safari ile, harusini, matangani, kisimani, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikafungua mdomo nimwambie habari ya rubani. Nikaufunga. Nikauacha uzi juu ya dawati, nikatoka nje, sikumjibu.

Ninamjibu sasa, na ninyi ndio mashahidi.

Kanze, nilishika beberu. Alikuwa mwekundu mwenye kidevu cheupe. Ndege ilipoanza kukimbia nilimkumbatia shingo, nikafumba macho, nikatia uso wangu katika manyoya yake, na ingawa alinuka nilimshukuru kwa harufu yake, maana ilikuwa harufu ya kwetu. Rubani hakuniita. Rubani sikumwona uso. Kilimanjaro sikukiona, kwa sababu dirisha lilikuwa moja na magunia yalikuwa mbele yake. Mawingu niliyaona, hilo ni kweli, karibu na mwisho, kwa jicho moja. Safari ilikuwa saa moja na dakika arobaini na tano. Uzi wako ulisema kweli, na zile siku tisa nilizokawia nilikuwa ninarudi kwa malori na kwa miguu.

Mzee Shutu, cheka sasa, cheka yote uimalize. Mletee maji mtu.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, haya hayana chumvi. Masikio yatauma, yataziba kama umezama mtoni. Piga miayo, au tafuna kitu, yatafunguka yenyewe. Utafika wakati magurudumu yanaacha ardhi, nawe utaona kama tumbo lako limebaki Nairobi. Usiogope, litakufuata, langu lilinikuta tukiwa karibu kutua. Kayamba lako liweke magotini ulikumbatie, lakini usilitikise hata kidogo, abiria watasema ndege inafunguka vipande. Kutakuwa na mngurumo, na mngurumo huo ni mzuri. Ukinyamaza ndipo uulize. Na fumbua macho. Mimi nilikuwa na saa moja na robo tatu, na karibu yote niliitumia ndani ya manyoya ya mbuzi. Wewe una saa kumi na nne. Yatazame mawingu kwa macho mawili.

Na utakaporudi, utakuja kwangu kwanza. Kabla ya Chifu, samahani tena Mheshimiwa, na kabla ya mama yako. Utaniambia maili zako kama zilivyo. Usiongeze hata moja, zako hazihitaji.

Jina la Ndege sikuachii. Hilo nilisema tangu nyumbani na ninalirudia hapa. Mtakaompokea mtafutieni lake, lolote mtakalo, hata liwe kubwa kuliko langu, nitalizoea. Langu ni langu, nimelipata kwa beberu.

Mtauliza, je, wivu umekwisha, Chengo? Haujakwisha. Ninamwona pale na viatu vyake vipya na bado unaniwasha. Lakini sasa uko nje. Umetoka kooni, uko hapa chini kwenye vumbi la shule, ninyi nyote mmeliona umbo lake, na mtu yeyote akiukanyaga akienda nyumbani hautamdhuru. Humu kifuani nimepekua tangu asubuhi, na sasa nikipekua sioni kingine ila hofu ya mjomba kwa mtoto anayekwenda mbali. Hiyo inaruhusiwa. Wazee, si inaruhusiwa?

Mheshimiwa Chifu, ninakushukuru kwa subira. Mwalimu Musau, ninakushukuru kwa ramani, na kwa kumfundisha mtoto huyu kupima, ingawa alianza na mimi. Dada yangu Mbeyu, nisamehe jino, nisamehe na mvua. Akina mama wa kayamba, mpigieni wimbo mpaka lori lifike kwenye barabara kubwa.

Shukrani ninazitoa sasa kwa sababu nikishatia maji haya kinywani sitaweza kusema tena, na nimeona baadhi yenu mnaingojea kwa hamu saa hiyo. Miaka kumi mmezisikiliza maili zangu ambazo hazikuwapo. Leo mmesikiliza mia mbili na sabini na tatu zilizokuwapo. Kwa yote hayo, asanteni kwa kunisikiliza.

Menza, washa lori. Mbeyu, nipe kata. Kanze mwanangu, njoo karibu, fungua viganja.